Pwani ya Kukodi: Habari za Labadee, Haiti

Mhariri wa gazeti letu aliniomba makala ya historia, akaniachia nichague mada. Mada nimeipata kwa mwenzetu mmoja wa darasa letu, ambaye jina lake nalihifadhi, na ambaye siku hizi anakaa Marekani. Wakati tulipokuwa tunakusanya picha za wanachama kwa ajili ya mkutano wetu, yeye alituma picha za safari aliyofanya pamoja na mkewe mwaka 2018, kwa meli ya matembezi iliyotoka Florida. Katika picha zile yuko ufukweni amevaa kofia ya ukindu, nyuma yake milima ya kijani kibichi inashuka hadi majini, na chini ya picha ameandika: "Kisiwa cha meli."

Nilimwomba anieleze siku yao ilivyokuwa, naye akanieleza vizuri sana, maana tangu shuleni alikuwa hodari wa insha. Meli ilifunga gatini kama saa mbili asubuhi. Abiria walishuka kwa miguu, kila mmoja na kadi yake shingoni, maana kadi hiyo ndiyo funguo ya chumba, ndiyo kitambulisho, na ndiyo fedha. Trekta likivuta mabehewa ya wazi liliwachukua wazee na watoto mpaka kwenye fukwe, ambazo ni kadhaa na kila moja ina jina lake. Viti vya kulalia vilikuwa vimepangwa tayari chini ya miti. Mchana walikula nyama ya kuchoma, kuku na saladi, vyote vimeteremshwa kutoka melini na kupikwa na wapishi wa meli. Vijana waliteleza kwa waya mrefu uliofungwa juu kilimani na kushuka juu ya maji mpaka upande wa pili, kiasi cha meta 800. Palikuwa na soko la vinyago na picha za rangi, na wauzaji walikuwa watu weusi kama sisi, waliosema Kiingereza kidogo na lugha nyingine asiyoifahamu. Saa tisa na nusu walirudi melini. Jua lilipotua walikuwa mbali baharini.

Nikamwuliza, Haiti umeionaje? Akanijibu kwamba Haiti hakufika, alifika Labadee.

Mimi simlaumu. Alijibu kama alivyoonyeshwa. Lakini wale tuliokaa naye kidato cha tatu mwaka 1994 tutakumbuka kwamba mwezi Septemba mwaka ule, askari wa Marekani waliposhuka Haiti kumrudisha Rais Aristide, mwalimu wetu wa historia aliacha somo la siku hiyo, akachora ramani ya nchi ile ubaoni, akatusimulia habari za Toussaint L'Ouverture na Dessalines kwa vipindi viwili mfululizo. Kengele ya chakula ililia na hakuna aliyenyanyuka, jambo ambalo katika shule yetu, kwa wanaokumbuka njaa yetu, si dogo. Sasa mmoja wetu amekanyaga mchanga wa nchi ile ile na hakujua kuwa amefika. Nimeona jambo hilo lafaa kuchunguzwa namna lilivyowezekana.

Kwanza, Labadee si kisiwa. Ni rasi katika pwani ya kaskazini ya Haiti, kiasi cha kilometa 10 kutoka mji wa Cap-Haïtien, ng'ambo ya mlima. Jirani yake kuna kijiji cha wavuvi kinachoitwa Labadie, na jina hilo husemwa kuwa latokana na Mfaransa mmoja aliyekaa huko karne ya 17. Kampuni ya Royal Caribbean, ambayo imelikodi eneo hilo tangu mwaka 1986, ilibadili tahajia ili Wamarekani waweze kulitamka, kisha ikalisajili kuwa alama yake ya biashara. Ndiyo kusema kijiji kina jina, na kampuni ina jina la kijiji. Kati ya hayo mawili pana ua mrefu na walinzi. Abiria hawatoki, na mwanakijiji asiye na kibali haingii. Kwa miaka mingi matangazo ya safari hizo yalilitaja eneo kuwa ni pwani ya faragha katika Hispaniola, jina la zamani la kisiwa kizima ambacho Haiti na Jamhuri ya Dominika zinakigawana. Neno Haiti halikutiwa mbele. Baadaye likatiwa, lakini mazoea yalikwisha kujengeka.

Yafaa pia nieleze kwa nini kampuni ya meli itafute pwani yake yenyewe, kwa sababu zamani haikuwa hivyo. Meli kubwa za abiria zilikuwa njia ya kwenda mahali. Ndege za jeti zilipoanza kuvuka Atlantiki, kazi hiyo ikafa, na wenye meli wakageuza meli yenyewe kuwa ndiyo mahali. Mwaka 1966 Knut Kloster wa Norway na Ted Arison walianza safari za matembezi kutoka Miami kwa meli iliyoitwa Sunward. Royal Caribbean yenyewe iliundwa mwaka 1968 na wenye meli wa Norway. Baada ya miaka michache bandari za Nassau na nyinginezo zikajaa. Abiria walishuka, wakala kwa watu wengine, wakanunua kwa watu wengine, wakarudi melini wameshiba na mifuko mitupu.

Ndipo mwaka 1977 kampuni ya Kloster ilipochukua kisiwa kidogo cha Great Stirrup Cay katika visiwa vya Berry, nchini Bahamas, kutoka kwa kampuni ya mafuta. Hicho ndicho kisiwa cha kwanza cha namna hii. Nacho hakikuwa kitupu katika historia: miaka ya 1830, baada ya utumwa kuondolewa katika makoloni ya Uingereza, gavana wa Bahamas aliweka huko kijiji cha watu waliopewa uhuru. Kampuni nyingine zikaiga. Disney walikodi Gorda Cay kwa miaka 99, wakaipa jina la Castaway Cay na kuanza kuleta meli mwaka 1998. Uwanja mdogo wa ndege uliokuwa hapo ulikuwa umetumiwa na wauza dawa za kulevya. Holland America walinunua Little San Salvador mwaka 1996 kwa dola milioni 6, wakaiita Half Moon Cay. Mtaona kwamba kila mahali jina hubadilishwa kwanza.

Pana na sababu ya kisheria, ambayo sisi tunaofanya kazi maofisini tutaipenda zaidi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 hairuhusu meli yenye bendera ya kigeni kusafirisha abiria kati ya bandari za Marekani tu. Meli karibu zote za matembezi zina bendera za kigeni, za Bahamas, Panama na kadhalika, na Royal Caribbean yenyewe imeandikishwa nchini Liberia. Kwa hiyo meli inayotoka Florida na kurudi Florida ni lazima iguse bandari ya nchi nyingine hata mara moja. Pwani ya kukodi katika Haiti au Bahamas hutimiza sharti hilo. Kwa mujibu wa karatasi abiria amefika nchi ya nje, na kwa mujibu wa mfuko wake hajatoka melini.

Sasa nirudi kwenye ardhi yenyewe, maana hapo ndipo pana mambo mengi.

Katika pwani hiyo ya kaskazini ndipo meli ya Columbus iitwayo Santa María ilipopanda mwamba usiku wa kuamkia Krismasi ya mwaka 1492. Wenyeji, watu wa Taíno, waliwasaidia mabaharia kuteremsha mizigo, na mbao za meli zikajengewa boma la kwanza la Wazungu katika bara lile. Baada ya miaka 50 hivi wenyeji wale walikuwa karibu wamekwisha kabisa kwa maradhi, kazi na mauaji. Ufukwe mmojawapo wa Labadee umepewa jina la Columbus. Sijasikia kama upo uliopewa jina la chifu Guacanagaríx aliyempokea.

Wafaransa walipochukua upande wa magharibi wa kisiwa, wakauita Saint-Domingue, mji wa Cap-Français, ambao ndio Cap-Haïtien ya leo, ulikuwa bandari tajiri kuliko zote katika koloni tajiri kuliko yote. Kufikia mwaka 1789 koloni hilo lilikuwa na watumwa wapatao nusu milioni, na sukari na kahawa yake ililisha sehemu kubwa ya Ulaya. Watumwa walikufa upesi kuliko walivyozaa, hivyo meli zilileta wengine kila mwaka.

Hapa naomba wasomaji wa pwani wasogee karibu. Tumezoea kufundishwa kwamba watumwa wa Amerika walitoka Afrika Magharibi na Kongo, na wa kwetu walikwenda Arabuni na visiwa vya Bahari ya Hindi. Kwa jumla ni kweli. Lakini katika miaka ya mwisho ya karne ya 18 wafanyabiashara wa Kifaransa walikuja mpaka pwani ya mashariki. Wengi wa watu waliowanunua walipelekwa Île de France, yaani Mauritius, na Bourbon, yaani Réunion. Walakini baadhi ya meli ziliwapakia watu Msumbiji, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, zikavuka Atlantiki na kuwauza Cap-Français. Huko waliitwa Mozambique, na jina hilo linasomeka katika matangazo ya watumwa waliotoroka. Kwa hiyo katika milima ile ambayo mwenzetu aliipiga picha walijificha watu ambao bahari waliyoizaliwa kandokando yake ni hii hii yetu.

Tena tunao mkataba wa biashara hiyo. Tarehe 14 Septemba 1776 Sultani Hasan wa Kilwa aliandikiana na Mfaransa Jean-Vincent Morice. Masharti yake ni mafupi. Sultani atampa Morice watumwa 1,000 kila mwaka kwa bei ya piasta 20 kila mmoja. Juu ya hizo Morice atampa Sultani zawadi ya piasta 2 kwa kila kichwa. Hakuna mfanyabiashara mwingine, Mfaransa, Mholanzi wala Mreno, atakayeruhusiwa kununua mpaka Morice atosheke. Morice atapewa ngome, aweke mizinga yake na bendera yake. Na muda wa mkataba ni miaka 100.

Niliusoma mkataba huo nilipokuwa chuo kikuu na haujanitoka akilini tangu hapo. Sikushangazwa na ukatili, kwani ukatili wa biashara ile ulijulikana. Nilichokiona ni jinsi ulivyo karatasi ya kawaida. Una muda, una bei, una haki ya mtu mmoja peke yake, una eneo lililotengwa kwa mgeni na bendera yake, na una malipo ya mtawala yanayohesabiwa kwa kichwa. Kila kifungu changeweza kuandikwa na karani yeyote mwenye mwandiko mzuri. Watu 1,000 hawakuulizwa, na majina yao hayamo. Mkataba huo wa miaka 100 haukufikisha hata miaka 10, kwa kuwa katikati ya miaka ya 1780 Kilwa iliingia mikononi mwa Waomani. Lakini hilo halikuwasaidia waliokwisha kupakiwa.

Huko Saint-Domingue, mwezi Agosti mwaka 1791, watumwa wa uwanda wa kaskazini, nyuma ya mji wa Cap, waliinuka na kuchoma mashamba ya miwa. Vita vilidumu miaka 12, dhidi ya Wafaransa, Wahispania, Waingereza, na tena Wafaransa wa Napoléon. Toussaint alikamatwa kwa hila akafia gerezani Ufaransa mwaka 1803. Tarehe 18 Novemba mwaka huo huo, huko Vertières, mlangoni mwa mji wa Cap, jeshi la Dessalines liliwashinda Wafaransa kwa mara ya mwisho, na tarehe 1 Januari 1804 nchi ikatangazwa huru kwa jina la Kitaíno, Haiti, nchi ya milima. Mfalme Henri Christophe akajenga juu ya mlima, kusini mwa Cap, ngome kubwa ya Citadelle, ili Wafaransa wakirudi wakute mizinga. Ngome hiyo iko mwendo mfupi kutoka gati la meli. Kwa miaka mingi mamia ya maelfu ya abiria walioshuka Labadee hawakuiona.

Katiba ya Haiti ya mwaka 1805 ilikuwa na kifungu ambacho mwalimu wetu alikirudia mara mbili, ubao ukiwa nyuma yake na chaki mkononi: hakuna Mzungu, wa taifa lolote, atakayekanyaga nchi hiyo kama bwana au mwenye mali, wala hatapata milki yoyote humo. Tukiwa vijana tulikipigia makofi. Leo, baada ya miaka mingi ya kushughulika na mafaili ya ardhi, nakisoma kwa utulivu zaidi, nami naona hekima ambayo sikuiona wakati ule. Watu wale walikuwa wenyewe mali. Walijua kwa miili yao kwamba bendera ya kigeni juu ya jengo si lazima iwe mwanzo wa utawala. Yatosha mashamba yawe yao, na gati liwe lao. Zuio la wageni kumiliki ardhi lilidumu katika katiba mbalimbali kwa zaidi ya miaka 100. Liliondolewa mwaka 1918. Wakati huo Marekani ilikuwa imeikalia Haiti kijeshi tangu 1915, na Bunge lilipokataa katiba mpya lilivunjwa, kisha ikaendeshwa kura ya wananchi chini ya ulinzi wa askari wa kigeni. Franklin Roosevelt, ambaye wakati ule alikuwa naibu katika wizara ya jeshi la majini, alijisifu mwaka 1920 kwamba katiba hiyo aliiandika yeye mwenyewe.

Deni nalo lazima litajwe, ijapokuwa ni habari inayohitaji makala yake. Mwaka 1825 Ufaransa ilipeleka manowari na kuidai Haiti faranga milioni 150 ili iutambue uhuru wake, kuwafidia waliopoteza mashamba, na watumwa walihesabiwa katika hasara hiyo. Mwaka 1838 zikapunguzwa hadi milioni 90. Haiti ilikopa ili ilipe, na mikopo iliyotokana na deni hilo haikumalizika kulipwa mpaka mwaka 1947. Yaani nchi ililipia vichwa vya babu zake yenyewe.

Kwa hiyo mwaka 1986 kampuni ya meli ilipokodi pwani ile, ilikodi kwa nchi iliyokwisha kukamuliwa. Ulikuwa mwaka ule ule ambao Jean-Claude Duvalier alikimbia, tarehe 7 Februari, akiacha hazina tupu. Nchi yenye njaa haina nguvu ya kujadiliana, na hilo tunalijua sisi wenyewe kutoka miaka ile ile ya 1980, tulipokuwa tunapanga foleni ya sukari huku serikali zetu zinajadiliana na mashirika ya fedha ya kimataifa.

Mkataba wa Labadee umeongezwa baadaye, na inaelezwa kwamba unafika mwaka 2050. Kampuni imejenga gati, njia, maduka na michezo. Gati la mwaka 2009 lilijengwa ili kupokea meli kubwa kuliko zote duniani wakati huo, Oasis of the Seas, iliyoweza kubeba abiria zaidi ya 5,400. Serikali ya Haiti hulipwa kwa kila abiria. Mwaka 2010 magazeti ya Uingereza yalitaja dola 6 kwa kila mtu. Taarifa za baadaye zinataja dola 10, na nyingine 12. Watu wapatao 300 waliajiriwa, na wengine kiasi cha 200 waliruhusiwa kuuza bidhaa zao ndani ya ua, nao hulipia ruhusa hiyo.

Sasa msomaji ameona nilikokuwa naelekea, na hapana budi niseme wazi nisichokisema. Abiria wa meli si mtumwa, mchuuzi wa vinyago si mtumwa, na kampuni ya matembezi si Morice. Mtu anayelinganisha starehe na mateso ya aina ile huwatukana waliokufa. Ninachosema ni juu ya umbo la karatasi. Muda mrefu kuliko maisha ya wanaoutia sahihi. Eneo lililotengwa lenye alama ya mgeni. Haki ya mtu mmoja peke yake. Na malipo ya mtawala yanayohesabiwa kwa kichwa. Malipo ya kwa kichwa yana tabia yake. Humfanya anayelipwa atazame idadi na aache kutazama kinachotendeka. Kama abiria 5,000 wamekula chakula cha meli, wamekunywa vinywaji vya meli, na kulipia waya wa kutelezea kwa kadi ya meli, serikali imepata ada yake ile ile ambayo ingepata kama wangekula mihogo na samaki wa Labadie. Hakuna kinachomsukuma mtu yeyote aliyeko ofisini kuuliza samaki wa Labadie wanauzwa wapi.

Wapo wanaotetea, nao wasikilizwe. Kwa miaka mingi kampuni hiyo ndiyo iliyoleta sehemu kubwa kabisa ya wageni waliofika Haiti. Ajira 300 katika pwani maskini ni nyumba 300 zenye moto jikoni. Mtu anayechukia ua ule aeleze angeweka nini mahali pake, tena aeleze kwa mchuuzi, asieleze kwa wasomi. Mjadala huu si mgeni kwetu. Mwaka 1970 vijana wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliuanzisha gazetini, wakiuliza kama utalii na ujamaa vinaweza kukaa nyumba moja, na mwaka 1973 Issa Shivji akaukusanya kuwa kitabu. Nilikisoma miaka 30 baadaye, nikiwa nimekaa katika maktaba ya chuo kile kile, na niliona kwamba pande zote mbili zilisema kweli. Walioogopa utumishi wa kunyenyekea kwa wageni waliogopa kitu cha kweli. Waliosema hospitali hazijengwi kwa hotuba nao walisema kweli. Kilichokosekana katika kurasa zile ni masharti: nani ananunua chakula wapi, mvuvi anapita wapi, nani anakagua hesabu, na baada ya miaka mingapi karatasi inafunguliwa tena.

Haki ya kupita, hasa, si jambo dogo. Barabara ya kutoka Cap-Haïtien inashuka mlima na kuishia karibu na ua wa kampuni. Anayekwenda kijijini Labadie huchukua mashua kutoka ufuko mdogo wa karibu, huzunguka rasi, huku meli imesimama juu yake kama jengo la ghorofa. Wanakijiji wamezoea. Kuzoea ni jambo moja na kuridhika ni jambo jingine.

Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ardhi liliuangusha mji wa Port-au-Prince na kuua watu wengi mno. Tarehe 15, siku tatu tu baadaye, meli ya Independence of the Seas ilifunga gatini Labadee, zaidi ya kilometa 100 kutoka palipokuwa panafukuliwa maiti, na abiria wakashuka kuogelea. Dunia ilighadhibika. Baadhi ya abiria walikataa kushuka, wakisema hawawezi kula nyama ya kuchoma huku nchi inalia. Lakini meli ile ile ilikuwa imebeba mchele, maharage, maziwa ya unga na maji kwa ajili ya walioathirika, kampuni iliahidi dola milioni 1, na mjumbe wa serikali ya Haiti, Leslie Voltaire, ndiye aliyeomba meli zisiache kuja. Nimelipima jambo hilo kwa muda mrefu. Naona mjumbe alifanya lililompasa, na waliobaki melini walifanya lililowapasa, na aibu yote ilitokana na jambo moja: kwa karibu robo karne wageni walikuwa wameambiwa kwamba mahali pale si Haiti. Tetemeko lilipotokea, ghafla pakawa Haiti.

Mwezi Januari 2016 Wahaiti wenyewe walilisema jambo hilo kwa namna yao. Kulikuwa na mgogoro wa uchaguzi, na waandamanaji walitoka kwa mashua wakaizunguka Freedom of the Seas isiweze kushusha abiria. Meli iligeuka ikaenda zake. Hawakurusha risasi. Walikwenda tu majini, upande ambao hauna ua.

Tangu hapo mambo ya Haiti yamezidi kuwa magumu. Mwezi Machi 2024, magenge yalipouteka sehemu kubwa ya mji mkuu, kampuni ilisimamisha safari za Labadee. Zilirejea kwa muda mwezi Oktoba mwaka ule, na Aprili 2025 zikasimama tena. Kaskazini hakukuwa na vita kama vya Port-au-Prince, lakini jina ambalo matangazo yalikuwa yakilikwepa sasa ndilo lililofunga gati. Meli zilizopangiwa Labadee zilipelekwa bandari nyingine, au zikakaa baharini siku nzima. Kwa abiria tofauti haikuwa kubwa: viti vya kulalia vipo na huko, na kadi ni ile ile. Kwa wachuuzi wale 200 wa vinyago, walionunua mbao na rangi kabla ya kujua kama meli itakuja, sina haja ya kueleza. Ada ni ya kwa kichwa, na vichwa havikuja.

Mwenzetu nimempelekea ramani ya pwani ile, pamoja na Citadelle na Vertières, na nakala ya mkataba wa Kilwa. Ameniandikia kwamba mzee mmoja sokoni alimwuliza ametoka nchi gani, naye akasema Marekani. Yule mzee akatikisa kichwa na kuuliza tena, kabla ya hapo?